Mzigo Uliobebwa na Mzigo Ulioachwa: Elimu ya Wayunani na Njia ya Tabora

Mwezi wa Novemba mwaka 1857 Richard Burton alifika Kazeh katika Unyanyembe, mahali ambapo baadaye palikua mji wa Tabora, akapokewa kwa heshima na Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi. Bwana huyu zamani alikuwa muuza vitu vitamu Maskati. Burton alimsifu kuwa amesoma mengi, tena ana kumbukumbu ya ajabu na ufasaha wa kusema. Na habari nyingi alizozitia katika kitabu chake cha mwaka 1860 alizipata kwake. Burton huyo huyo asema pia kwamba mwenyeji wake alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa.

Sifa hizo mbili zimenikaa moyoni siku nyingi. Mtu msomi, mkarimu, naye alihesabu binadamu pamoja na meno ya tembo: je, elimu ya kale ilikuwa na neno lolote juu ya hesabu hiyo? Sidai kwamba Snay alisoma vitabu vya Wayunani. Nasema tu kwamba lugha iliyosafiri na misafara kutoka Bagamoyo hata Ujiji ilichukua maneno yao. Falsafa ni neno la Kiyunani, kanuni kadhalika. Na jinsi, neno tulitamkalo kila siku bila kufikiri, ni genos ya Wayunani iliyopita katika Kiarabu.

Genos ndilo la kwanza katika maneno matano aliyoyaeleza Porphyry wa Tiro, mwanafunzi wa Plotinus, katika kijitabu chake cha karne ya tatu kiitwacho Isagoge, yaani Utangulizi. Alikiandika kumsaidia mtu aanzaye kusoma mantiki ya Aristotle. Ni ajabu kidogo, mfuasi wa Plato kumfungulia mlango Aristotle aliyempinga Plato. Lakini hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya wafuasi hao wapya, kuwapatanisha wazee wawili hata pale ambapo wenyewe hawakupatana. Porphyry aliuliza: je, jinsi ya vitu ipo yenyewe, au imo katika fikira zetu tu? Akasema swali hilo ni zito kwa mwanafunzi, akaliacha.

Waliomfuata hawakuliacha. Ammonius wa Iskandaria, karibu na mwaka 500, alitoa mfano wa pete ya muhuri yenye sura ya Achilles, iliyopigwa katika vipande vingi vya nta. Sura ile imo katika pete kabla ya nta. Imo katika kila kipande. Tena imo akilini mwa mtu aliyevitazama vipande vyote akatambua kwamba muhuri wake ni mmoja. Hivyo jinsi ya mtu ipo kwa Muumba kabla ya watu, ipo katika watu wenyewe, na ipo akilini baada yao. Haya si maneno ya Aristotle, wala si ya Plato kamili. Walakini Utangulizi na sherehe zake vilisomwa Constantinople kwa karne nyingi, na huko Baghdadi Abu Uthman wa Dameski aliutia Utangulizi katika Kiarabu. Ibn Sina naye alikuwa na mgawanyo wa namna hiyo.

Kila ajuaye habari za Tabora anakumbuka kwamba misafara ilipumzika pale. Wapagazi wengine walilipwa wakaenda zao, wengine wakaajiriwa. Mizigo ya merikani, kaniki na ushanga ikafunguliwa, ikahesabiwa, ikafungwa upya. Mzigo ulioondoka kwenda Ujiji haukuwa sawasawa na ule uliotoka pwani. Iskandaria, Constantinople na Baghdadi zilikuwa Tabora za elimu, na lenye uzito katika habari hii ni kile walichokiacha njiani.

Katika kitabu cha Aristotle kilichosomwa mara baada ya Utangulizi, imeandikwa kwamba mtu mmoja hawi mtu zaidi ya mwingine. Katika kitabu chake cha siasa, Aristotle huyo huyo afundisha kwamba wako watu waliozaliwa kuwa watumwa. Walimu wa Iskandaria walikifafanua kile cha kwanza tena na tena, na hatuna sherehe yao hata moja juu ya cha pili. Constantinople ilingoja mpaka karne ya kumi na mbili, Michael wa Efeso alipokiandikia maelezo. Waarabu wa zama hizo hawakukitafsiri. Ibn Rushd alikikosa, akafafanua Jamhuri ya Plato badala yake.

Basi hoja ya Aristotle juu ya mtumwa wa kuzaliwa haikuja na njia hii. Lililokuja ni neno jinsi, nalo njiani lilikuwa limekwisha kufunguliwa na kufungwa upya: sisi twasema jinsi ya kupika, jinsi ya kusafiri, na ule muhuri wa Ammonius hauonekani tena ndani yake. Nisieleweke vibaya. Kukosekana kwa hoja ile hakukumfungua mtu mnyororo hata mmoja, kwa kuwa biashara ya pembe ilitaka mabega, wala haikungoja ruhusa ya mwanafalsafa. Na yule msomi wa Kazeh, aliyejua lugha na desturi za watu wa bara kuliko wageni wote, alijua vema kwamba wale aliowauza ni watu.

Snay bin Amir aliuawa mwaka 1861, katika vita vya Waarabu na Mtemi Mnywa Sere. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Utumwa katika Tanganyika ulifutwa kwa sheria miaka kumi baadaye.