Hiyo steroidi si ya gym: historia ya sindano ya kifundo cha mkono

Taja steroidi hapa Kenya na wasee wanafikiria vitu viwili tu: gym na wanariadha waliopigwa marufuku. Ndiyo maana mamako akiambiwa adungwe steroidi kwa mkono, nyumba nzima inashtuka. Tulieni. Hii si ile ya kujenga misuli, hii inapunguza uvimbe.

Shida yenyewe iko hivi. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambamo neva inapita pamoja na kano za vidole. Ikibanwa humo, kidole gumba na viwili vinavyofuata vinakufa ganzi, hasa usiku. Madaktari wanaiita kapali taneli.

Sasa turudi 1948, Mayo Clinic, Marekani. Daktari Philip Hench alimdunga kotisoni mwanamke wa miaka 29 aliyelemazwa na ugonjwa wa viungo. Siku chache tu, akaanza kutembea. Kufikia 1950, Hench na wenzake Kendall na Reichstein walikuwa na tuzo ya Nobel. Watu wakaona ni muujiza. Halafu madhara yakajitokeza: nyuso kufura, mifupa kudhoofika, na ukiacha dawa maumivu yanarudi.

Hapo ndipo swali likaja: mbona dawa izunguke mwili mzima na kinachouma ni mahali pamoja? Madaktari wakaanza kudunga kidogo, pale pale penye shida. George Phalen wa Cleveland alikuwa kati ya waliofanya hivyo kwenye kifundo.

Je, inaponya? Mwaka 2013, watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya wagonjwa 111. Wiki ya 10, waliodungwa steroidi walikuwa na nafuu kuliko waliodungwa sindano isiyo na steroidi. Lakini mwaka ulipoisha, asilimia 73 ya waliopata dozi kubwa walikuwa wamefanyiwa upasuaji, na asilimia 92 ya wale ambao hawakupata steroidi.

Kwa hivyo mimi naona hivi: sindano ni nafuu, si mwisho wa safari. Kama mamako ni fundi wa nguo ama msusi, miezi michache ya kulala bila ganzi si kitu kidogo. Adungwe bila woga. Lakini ganzi ikikataa kuisha, ama nyama ya chini ya kidole gumba ikianza kupungua, msikae mkingoja sindano ingine. Neva ikibanwa sana, inaweza kukosa kurudi sawa. Mrudisheni kwa daktari muulize kuhusu upasuaji.