Simba wa Tsavo na Starehe ya Hofu

Filamu ya Bwana Devil, iliyotolewa Marekani mwaka 1952, ilitazamwa kwa miwani maalumu, simba wakaonekana kuirukia hadhira. Hofu ya namna hii hunoga mtu akiwa na wenzake wa kushtuka nao, kisha wakachekana. Asili ya kisa ni Tsavo, kati ya Voi na Mtito Andei, ambako mwaka 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli. Wajenzi nao walikesha pamoja kando ya moto, ila wao simba wao hakuwa kivuli. Mwezi Desemba mamia walitoroka, kazi ikasimama.

The Ghost and the Darkness (1996) iliwavika simba hao manyoya marefu ya shingoni, ambayo wale wa kweli, waliohifadhiwa Chicago, hawana. Kasoro hiyo ni ndogo. Iliyo nzito imo tayari katika kitabu cha Patterson cha mwaka 1907: Wahindi waliouawa ni 28, Waafrika ni wengi, bali idadi yao haikuandikwa popote. Anayeliliwa na watazamaji ni Remington, mwindaji Mmarekani aliyebuniwa na mwandishi wa filamu.