Kusoma kwa Ajili ya Wenzako: Hoja ya Kuunganisha Malengo Mawili ya Shule ya Msingi

Shule ya msingi nchini Tanzania inapotaja malengo yake, mambo mawili hayakosekani: mwanafunzi ajue kusoma, na mwanafunzi awe raia mwenye kuwajibika. Malengo hayo huandikwa pamoja, lakini katika maisha ya kila siku ya shule huishi mbalimbali. Kusoma kuna vipindi vyake, kitabu chake na mtihani wake. Wajibu una mahali pake pengine: mstarini asubuhi, kwenye ufagio na ndoo ya maji, katika zamu za viranja, na katika somo la maadili lenye daftari lake. Makala hii inadai kwamba utengano huo ni chanzo kimojawapo cha udhaifu wa malengo yote mawili. Mtoto anayesoma bila kuwa na mtu anayemsomea wala jambo analolitafuta huishia kutamka maneno. Mtoto anayefundishwa wajibu bila kusoma, yaani bila kuzijua sababu na kuzipima, huishia kutii amri. Shule inayotaka kufika mbali katika lengo lolote kati ya hayo haina budi kuyafundisha kama lengo moja.

Tuanze na kusoma, kwa kuwa hapo ushahidi ni mwingi. Baada ya ada kufutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 8 mwaka 2007. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa ya haki ya mtoto, na hayapaswi kubezwa. Hata hivyo, mpango wa Uwezo, unaotathmini ujuzi wa watoto, ulipoanza kuwapima majumbani, matokeo yake ya mwanzo yalionyesha kwamba katika kila wanafunzi 10 wa darasa la tatu, ni kama 3 tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2012 ilibainika kwamba miongoni mwa waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza walikuwamo zaidi ya 5,000 wasiojua kusoma na kuandika. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2013 ikaongeza jambo lililo muhimu zaidi kwa hoja yetu: ni takriban asilimia 8 tu ya wanafunzi wa darasa la pili waliosoma kwa ufahamu uliotarajiwa. Serikali iliitikia. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliotekelezwa kuanzia mwaka 2015 ulitenga sehemu kubwa mno ya muda kwa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, na walimu wengi wakapewa mafunzo.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini hautoshi, na sababu mojawapo imo katika maandishi ya Kiswahili chenyewe. Kiswahili kina vokali tano, silabi zake nyingi huishia kwa vokali, na kwa kawaida herufi au kikundi cha herufi hutamkwa vilevile popote kinapotokea. Mtoto akishazimudu silabi anaweza kutamka karibu neno lolote, hata ambalo hajawahi kulisikia. Urahisi huu ni neema, ila unaweza kumpoteza mwalimu, kwa sababu sauti inayotoka bila kukwama hufanana sana na ufahamu. Mwanafunzi atatamka “mwenyekiti” au “mazingira” barabara huku neno likibaki tupu kwake, hasa anapotoka katika nyumba ambamo lugha ya kwanza ni Kisukuma, Kiha au Kimakonde. Ufahamu hauji wenyewe baada ya matamshi. Huja pale msomaji anapokuwa na swali na anapotarajiwa kufanya jambo kwa alichokisoma. Darasa linaloitikia silabi kwa pamoja linafanya kazi ya lazima. Likiishia hapo, linakuwa limefundisha nusu ya kusoma.

Upande wa wajibu nao una historia inayotufunza. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mnamo Machi 1967, alilalamikia elimu iliyomtenga kijana na jamii yake na kumfanya aone maarifa ya vitabuni kuwa ndiyo maarifa pekee. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe chujio la kuwapata wachache wa sekondari, na alitaka shule ziwe jumuiya zinazojitegemea kwa uzalishaji. Lakini katika andiko hilohilo alidai pia kwamba mwanafunzi awe na akili ya kudadisi, aweze kujifunza kwa wengine na kukataa anachojifunza au kukirekebisha kulingana na mahitaji yake, na ajiamini. Katika utekelezaji, sehemu ya kwanza ilishikwa kuliko ya pili. Shule nyingi zilikuwa na shamba, lakini kazi ya shamba haikugeuzwa kuwa somo: wanafunzi walilima bila kusoma juu ya udongo, bila kuandika kumbukumbu za mavuno, na mara nyingi bila kuwa na sauti katika matumizi ya kilichopatikana. Jembe lilitenganishwa na kitabu, na wajibu ukapungua hadi kuwa utiifu. Lugha yetu inajua tofauti hiyo. Kutimiza wajibu ni kumaliza kazi uliyopewa. Kuwajibika ni kusimama mbele ya wenzako na kueleza ulichofanya na kwa nini. Sikio la Mswahili husikia “jibu” ndani ya “kuwajibika”, japokuwa maneno hayo yametoka katika mizizi tofauti ya Kiarabu, na kwa maana sikio halikosei.

Kwamba kusoma na kuwajibika vinaweza kwenda pamoja si ndoto, kwani nchi hii imewahi kulifanya jambo hilo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, vikiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofunzwa kwa kazi hiyo. Kila wiki kikundi kilisikiliza kipindi, sehemu ya kijitabu ikasomwa kwa sauti, wanakikundi wakajadili, kisha wakaamua la kufanya kijijini kwao. Matokeo yake yalionekana kwa macho: vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu, vichaka vikafyekwa na vyanzo vya maji vikasafishwa. Mwenye kujua kusoma aliwasomea wasiojua, na ujuzi wake ukawa mali ya kikundi kizima. Andiko lilihitaji kueleweka kwa sababu lilihusu kisima chao, na uamuzi ulikubalika kwa sababu kila mmoja alikuwa amezisikia na kuzijadili sababu zake. Hao walikuwa watu wazima, na mtoto wa miaka minane habebeshwi mzigo wa mtu mzima. Hata hivyo mpangilio wenyewe, yaani kusoma, kujadili, kuamua na kutenda, haudai umri mkubwa. Unadai andiko fupi linalogusa maisha ya msomaji, na msikilizaji anayelihitaji.

Shuleni mpangilio huo una nafasi nyingi zinazopita bila kutumiwa. Usafi wa vyoo unaweza kuanza kwa darasa la nne kusoma maelezo mafupi kuhusu kipindupindu, kuyaeleza kwa darasa la kwanza kwa maneno mepesi, na kuandika ratiba ambayo wenyewe wataifuatilia. Bustani ya shule inaweza kuwa na daftari linalosomwa kila Ijumaa: kilichopandwa, kilichokauka na sababu yake. MMEM ulizitaka shule zibandike mapato na matumizi ya ruzuku kwenye ubao wa matangazo. Darasa la sita likifundishwa kuusoma ubao huo na kuuliza maswali kwa adabu, linajifunza ufahamu, hesabu na uraia kwa pamoja. Lililo jepesi kuliko yote ni mwanafunzi wa darasa la tano au la sita kumsomea na kumsikiliza mdogo wake wa darasa la pili kwa dakika chache kila siku. Mkubwa hulazimika kuandaa kifungu, kwa hiyo hukielewa. Mdogo hupata sikio linalomsubiri yeye peke yake, jambo ambalo mwalimu wa darasa lililofurika hawezi kumpa.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wanaosema kwamba muda hautoshi: mtoto ajue kwanza herufi, mengine yatafuata. Katika madarasa yenye wanafunzi mia na vitabu vya kugawana, pingamizi hili lina uzito. Lakini hoja hii haipunguzi saa hata moja ya KKK. Inauliza tu ni nini kinachosomwa katika saa hizo, na kinasomwa kwa nani. Wala haiwaondolei watu wazima jukumu lao la kutoa walimu na vitabu. Mpango wa Tusome nchini Kenya, ulioanza mwaka 2015, uliwapa wanafunzi wa madarasa ya mwanzo kitabu kwa kila mtoto, miongozo kwa walimu, na maafisa wa kuwatembelea darasani, na usomaji ukaimarika. Mwanafunzi mkubwa anayemsaidia mdogo hawezi kuwa badala ya mwalimu asiyeajiriwa wala kitabu kisichonunuliwa. Tukimgeuza kuwa hivyo, tutakuwa tumeita wajibu wa mtoto kile ambacho ni deni la watu wazima.

Pingamizi la pili ni la upimaji: kusoma kunapimika, wajibu haupimiki, na kisichopimwa hakifundishwi. Jimbo la British Columbia nchini Kanada linatoa jibu la sehemu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 liliandaa viwango vya utendaji vilivyouweka wajibu wa kijamii safu moja na kusoma, kuandika na hesabu, likauchambua katika maeneo manne: kuchangia maisha ya darasa na shule, kutatua migogoro kwa amani, kuthamini tofauti za watu na kutetea haki, na kutumia haki na wajibu wa kidemokrasia. Mfano huo unathibitisha kwamba tabia inaweza kuelezwa kwa viwango vinavyoonekana bila kumpa mtoto alama za uadilifu. Ila kuyaweka malengo safu moja si kuyaunganisha, na shule inaweza kuyaripoti yote mawili kila mwaka huku yakiendelea kuishi mbalimbali. Kinachofaa kupimwa zaidi ni makutano yao: je, mwanafunzi anaweza kusoma kifungu, kukieleza kwa mwenzake asiyekijua, na kutoa sababu ya hatua anayoipendekeza? Mwalimu anaweza kulisikia hilo darasani kwa dakika tano.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote. Wazazi wana haki ya kuhofia kwamba shule inayofundisha wajibu itawafunza watoto wao itikadi ya wakubwa wa wakati huo, au itatumia neno hilo kuwafanyisha kazi za walimu. Historia haituruhusu kuipuuza hofu hiyo. Lakini kinga yake ni kusoma kwenyewe. Mtoto aliyezoeshwa kuuliza andiko linasema nini, nani ameliandika na kwa nini, hatawaliwi kirahisi na andiko moja, wala hachukui ndoo bila kujua maji yanapelekwa wapi. Akili ya kudadisi aliyoitaka Nyerere mwaka 1967 haikuwa pambo la kujitegemea. Ilikuwa sharti lake. Kwa hiyo kamati ya shule na walimu wanapokaa kuandika mpango wa mwaka, ningependa mistari yao miwili ya malengo ifutwe, na mahali pake uandikwe mmoja: kila mwanafunzi atasoma kiasi cha kuweza kuwaeleza wenzake jambo wanalolihitaji, na kusimamia alichowaeleza. Mstari huo utamlazimisha mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa zamu kukaa meza moja na kupanga kazi ya wiki kwa pamoja, na mabadiliko ya shule huanzia kwenye meza kama hiyo.