Pesa za Marehemu, Deni la Mjane

Mfanyakazi wa serikali akistaafu, pensheni yake huingia benki kila mwezi. Akifa tarehe 3, kompyuta ya malipo haijui. Mwezi ukiisha pesa inaingia tu, na mwezi unaofuata pia. Mjane ana kadi ya ATM na namba ya siri anaijua, juu hata mzee akiwa hai ni yeye aliyekuwa akitumwa mjini. Mochari inadai. Jeneza halijalipiwa. Pale Langa Langa ama Section 58 kuna waombolezaji wa kulishwa kila jioni. Anatoa. Miezi baadaye barua inafika: marehemu alilipwa kupita kiasi, rudisheni.

Wengi huona barua hiyo kama roho mbaya ya karani fulani. Enyewe karani anafuata maneno yaliyoandikwa zamani sana, kabla ya Kenya kuwa nchi.

Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, tuliirithi kutoka kwa Waingereza. Ina vifungu viwili ambavyo kila familia ya mstaafu ingefaa kuvijua. Kimoja kinasema afisa hana haki kamili ya kudai pensheni kwa sababu tu alifanya kazi. Kingine kinasema pensheni haiwezi kuhamishwa wala kukamatwa kwa ajili ya deni, isipokuwa deni la serikali yenyewe ama amri ya korti ya matunzo ya mke na watoto. Yaani shylock wa mtaa hawezi kuigusa, lakini serikali inaweza.

Na mjane je? Sheria zinazofuata Sura hiyo zinaonyesha vile wakoloni walivyowapanga wajane. Sura ya 192 ilihusu pensheni za wajane na yatima. Sura ya 193 ilikuwa ya wajane na yatima wa Waasia, na Sura ya 194 ya familia za maafisa Waasia. Kila rangi na daftari lake. Sura ya 195, ya wajane na watoto, ndiyo iliyokuja kumbeba mjane wa mfanyakazi Mwafrika. Mume alikatwa mshahara kuichangia, na mke alilipwa akibaki mjane. Akiolewa tena, anaipoteza.

Kabla ya hapo, serikali ilikuwa na deni kwa wajane, na halikulipwa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walichukua maelfu kwa maelfu ya wanaume wa Afrika Mashariki kubeba mizigo ya jeshi. Ndio waliotuachia jina la Kariakor kule Nairobi. Zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Mishahara ya wengi wao haikufika nyumbani. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wao, alipigania pesa hizo zitolewe, lakini London ilikataa kuziachilia. Wakati huohuo, mwaka wa 1919, wanajeshi wa Kizungu waliotoka vitani walikuwa wakigawiwa mashamba kwenye nyanda za juu za Kenya, Bonde la Ufa likiwemo. Mjane wa mbebaji hakuandikiwa hata barua.

Leo mjane anaandikiwa. Mstaafu wa mfumo wa zamani akifa, wategemezi wake hulipwa pensheni kwa miaka 5, basi. Malipo yakipitiliza siku moja baada ya hapo, ni deni. Akiolewa tena bila kuripoti, ni deni. Tangu Januari 1, 2021 kuna mfumo mpya ambapo mfanyakazi huchangia asilimia 7.5 na serikali 15, lakini wazee waliostaafu kitambo wako palepale kwa Sura ya 189.

Sasa barua ikifika, soma tarehe kwanza. Kama mume alilipwa zaidi akiwa hai, hilo ni deni la mirathi: hulipwa kutoka kwa mali aliyoacha kabla ya warithi kugawana, halitoki kwenye kibanda cha mboga cha mjane. Kama pesa ziliingia baada ya kifo, hazikuwa zake tena, na aliyezitoa ndiye ataulizwa. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ni kali hapa: kugusa mali ya marehemu bila idhini ni kosa, na adhabu inaweza kuwa faini hadi shilingi 10,000, ama jela hadi mwaka mmoja, ama zote mbili. Ndiyo maana benki na ofisi ya pensheni ziambiwe mapema, hata kabla ya matanga kuisha, na kadi iwekwe kando.

Lakini usilipe kwa hofu. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, pamoja na Sheria ya Utendaji wa Haki wa mwaka wa 2015, vinampa mama huyo haki ya kupewa sababu kwa maandishi na kusikizwa kabla ya uamuzi kumuumiza. Aulize: mwezi gani, shilingi ngapi, akaunti gani? Aombe kulipa kidogo kidogo ikibidi. Na aulize pia swali ambalo hakuna aliyewaruhusu wajane wa wabebaji kuuliza: je, nanyi, mnatudai ama tunawadai? Juu mara nyingine, kwenye faili ileile, kuna malipo ya wategemezi ambayo bado hayajatoka.