Mstari wa 1863 na Majengo ya Mara

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina mwaka mmoja unaoamua mengi: 1863. Jengo, ngome au kaburi lililojengwa Tanganyika kabla ya mwaka huo linalindwa moja kwa moja. Lililojengwa baadaye halina ulinzi huo mpaka Waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Kwa Kilwa Kisiwani au Kaole, kule pwani, mstari huu hauna tabu, maana misikiti na makaburi ya huko yalikuwa na karne kadhaa tayari. Kwa Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, mambo ni mengine kabisa. Huku watu walijenga kwa fito, udongo na nyasi, na nyumba ya msonge haikujengwa ikae miaka mia. Majengo ya matofali na bati yalikuja na watawala wa kikoloni, wamisionari na wafanyabiashara wa Kihindi, yote baada ya 1863. Sheria ilitungwa kwa jicho la pwani, na Mara imebaki kutegemea tangazo la Waziri.

Ajabu ni kwamba aliyekuwa Rais sheria hiyo ilipopitishwa alikuwa mtoto wa Butiama. Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyekuwa na wake ishirini na wawili. Hakuna nyumba ya mji ule ambayo ingefikia kigezo cha 1863. Hata hivyo, Mwitongo, hapohapo Butiama, ndipo mahali palipotunzwa vizuri kuliko pengine popote mkoani: makaburi ya Chifu Burito na Mama Mugaya, mamake Nyerere, yapo pale katikati ya miamba mikubwa, na kaburi la Mwalimu Nyerere lipo tangu Oktoba 1999. Makumbusho yenye jina lake, chini ya Makumbusho ya Taifa, yalifunguliwa Julai mwaka huohuo, yeye akiwa bado hai.

Musoma nako jina la Nyerere ndilo lililookoa majengo. Shule ya Msingi Mwisenge, alikoanza masomo mwaka 1934 akiwa na miaka 12, inatunza darasa alilosomea. Nyegina, misheni ya Mapadri Weupe karibu na mji, inakumbukwa kwa ubatizo wake wa mwaka 1943.

Nashukuru kwa yote hayo. Lakini urithi unaomfuata mtu mmoja huishia pale nyayo zake zilipoishia. Nani atatetea vinu na maghala ya pamba ya Bunda, ambako jasho la wakulima lilipimwa kwenye mizani? Nani atatetea maduka ya zamani ya Barabara ya Mukendo, au majengo ya Wamennonite pale Bukiroba, misheni iliyoanza miaka ya 1930? Mwenye duka akitaka kubomoa ili ajenge ghorofa, hakuna wa kumwambia angoje. Wala simlaumu, kwa sababu jengo likishatangazwa yeye ndiye anayebaki na paa linalovuja na masharti ya kutogusa kitu bila kibali.

Na misonge isiyodumu italindwaje? Jibu liko katika ukanda huuhuu wa Ziwa Victoria. Kaskazini mwa mpaka, katika Kaunti ya Migori, Kenya, ipo Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji. Kuta zake zina urefu wa kwenda juu kati ya mita 1.5 na 4.5. Ukizitazama kwa karibu unaona ufundi: mawe ya uso wa nje na ya uso wa ndani yamepangwa kila upande peke yake, na katikati vimeshindiliwa vipande vidogo vinavyoshika pande zote mbili. Nyumba zilizokuwamo zilioza zamani, lakini jamii zilizofuatana pale ziliendelea kuzitengeneza kuta. Kenya iliitangaza kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2018 ikaingia katika Urithi wa Dunia. Serengeti yetu imo tangu 1981, ila kwa ajili ya wanyama na mbuga.

Makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, jijini Kampala, yanatufundisha zaidi. Nyumba kuu, iliyojengwa mwaka 1882, ni ya nyasi, na iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Iliteketea usiku wa Machi 16, 2010. Kama urithi ungekuwa nyasi zilezile, habari ingeishia hapo. Lakini ukoo wa Ngeye ndio wenye kazi ya kuezeka, na ujuzi haukuungua. Mwezekaji huanza chini, kwenye upenu, akifunga tita juu ya tita hadi kileleni ili mvua iteleze. Nyumba ilijengwa upya, na mwaka 2023 Kasubi ikaondolewa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini.

Kwa hiyo orodha ya urithi wa Mara isianze na kuhesabu kuta. Ianze na watu: wazee wa Kizanaki, Kijita na Kikurya wanaojua nyasi ipi inadumu na inakatwa msimu gani, mti upi haushambuliwi na mchwa. Halmashauri inaweza kuifanya kazi hiyo sasa, bila kusubiri mtu wa Dodoma, ikapiga picha za maduka ya Mukendo na vinu vya Bunda na kuwauliza wenyewe wanahitaji msaada gani ili wasibomoe. Waziri anayo mamlaka ya kutangaza tangu 1964. Kinachokosekana mezani kwake ni majalada kutoka Musoma, Bunda na Butiama.