Kupokezana kwa Dawa za Kifafa

Mgonjwa wa kifafa akiambiwa "tunakubadilishia dawa", aghalabu husikia kwamba za zamani ziishie hapo na mpya zianze usiku huu. Neno kubadilisha ndilo linalomponza, kwa maana kwa kawaida ni kutoa hiki ukaweka kile. Kinachofanyika kliniki ni tofauti: dozi ya dawa mpya hupandishwa hatua kwa hatua, ya zamani huteremshwa baadaye, na katikati kuna majuma ambapo mgonjwa anameza zote mbili.

Utaratibu huu unahitaji jina la Kiswahili. Mfasiri mvivu angeandika "ubadilishaji mtambuka", akamwachia muuguzi kazi ya kueleza. Kupishana nako hakutoshi, kwani wanaopishana kila mmoja hushika njia yake. Mimi nachagua kupokezana. Mai Mahiu, mji wa malori chini ya eskapimenti, neno hili halihitaji kamusi: soja wa usiku haondoki getini mpaka wa mchana awe amefika na kukagua makufuli.

Chukua fenobabitoni, inayotumika kutibu kifafa tangu 1912 na ambayo kwa bei yake nafuu bado ni dawa ya wengi Afrika Mashariki. Huondoka mwilini polepole. Nusu yake huhitaji siku 3 au 4 hivi. Lakini ubongo uliokwisha kuizoea hulipuka ikikatwa ghafla, na mtukutiko ukipita dakika 5 bila kukoma, hiyo ni dharura ya hospitali. Kwa hiyo mtoto anayesinzia darasani kwa sababu yake, akipewa kabamazepini, haachishwi ya kwanza siku hiyo. Kabamazepini huanza kwa dozi ndogo, ikapanda, kisha fenobabitoni ikapunguzwa kwa majuma, mara nyingi miezi. Katika kipindi hicho kizunguzungu na usingizi huweza kuzidi, watu wakasema dawa mpya imemkataa. Huenda ni mzigo wa mbili kwa pamoja.

Ini nalo lina neno lake. Fenobabitoni hulichochea ini liivunje kabamazepini haraka, hivyo ya zamani ikitoka, kiwango cha mpya huweza kupanda ingawa vidonge havijaongezwa. Kati ya dawa nyingine za kifafa, valproeti hufanya kinyume kwa lamotrijini: huichelewesha kutoka. Ndiyo maana mtu mzima anayetumia valproeti huanza lamotrijini kwa miligramu 25 siku moja, akaruka ya pili. Safari hii ya kutoka valproeti ni ya wanawake wengi, kwa kuwa dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe.

Kadi ya kliniki basi iwe na safu mbili, ya zamani na mpya, kila wiki na idadi yake ya vidonge. Mstari mmoja ulioandikwa "badilisha" haumsaidii mama anayerudi nyumbani na pakiti mbili mkononi. Na kemisti akikosa dawa akampa nyingine "ya kifafa", huko si kupokezana, ni kuacha geti wazi.

Lipo tukio moja ambalo istilahi hii hailigusi. Lamotrijini au kabamazepini ikileta upele wenye homa, malengelenge au vidonda mdomoni, mgonjwa hupelekwa hospitali mara moja na dawa husimamishwa siku hiyohiyo. Huko kunaitwa kusitisha, na madaktari humpa kinga nyingine ya muda dhidi ya mitukutiko.