Kifo cha Cinna: Kuisoma ‘Juliasi Kaizari’ kwa jicho la mwananchi

WENGI waliosoma tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar hukumbuka mambo mawili: visu vya akina Brutus na hotuba ya Antony. Mjadala nao huwa ni uleule: shujaa wa tanzia hii ni nani, Caesar au Brutus? Katika makala haya ninapendekeza tuisome kutoka chini, kwa jicho la mwananchi wa kawaida. Tukifanya hivyo, tutasimama penye onyesho fupi ambalo wasomaji wengi hulipita mbio: kuuawa kwa Cinna mshairi.

Hebu tuanze na historia. Plutarch, mwandishi Mgiriki, anasimulia kwamba mwaka wa 44 KK, katika ghasia zilizofuata kifo cha Caesar, umati ulimuua Cinna huyu ukidhani ni Cinna mwingine aliyekuwa adui wa Caesar. Kwa Plutarch, basi, watu walikosea mtu. Shakespeare aliisoma habari hiyo katika tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North ya mwaka 1579. Lakini alipoandika tamthilia yake, yapata mwaka 1599, aliongeza jambo la kutisha. Mshairi anajieleza waziwazi kuwa yeye siye. Umati unamsikia, na bado unamshambulia. Jina lake linatosha.

Tofauti hiyo si ndogo. Aliyekosea mtu utamweleza, ataacha. Aliyekwisha kuamua kuchukia jina, utamweleza nini?

Tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ilitoka mwaka 1963 akiwa rais wa Tanganyika, kisha ikasahihishwa na kutolewa tena mwaka 1969 kwa jina ‘Juliasi Kaizari’. Wachambuzi huisifu kwa kuonyesha uwezo wa Kiswahili, na ni haki. Ila kuna faida nyingine: umati wa Roma sasa unamhoji Cinna kwa lugha yetu ya sokoni na ya barabarani. Jina lako nani? Unakwenda wapi? Unakaa wapi?

Kwani maswali haya ni mageni kwetu? Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kulikuwa na barabara zilizozibwa na wasafiri wakadaiwa vitambulisho ili majina yao yasomwe. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133. Huku Kangeta, kuitwa Kaberia au Mutuma ni jambo la kawaida kabisa. Lakini dereva anayetoka hapa na miraa kuelekea mbali hubeba jina hilo mfukoni, na huko mbele wapo wanaoweza kulisoma vingine.

Hata hivyo, tusiulaumu umati peke yake. Onyesho hili linafuata papo hapo baada ya hotuba ya Antony, aliyewasomea watu wosia wa Caesar na fedha walizoachiwa. Mara tu baada ya Cinna kushambuliwa, tunamkuta Antony ameketi na Octavius na Lepidus. Wanafanya nini? Wanatia alama majina ya watakaouawa, na kutafuta njia ya kupunguza fedha zilezile za wosia.

Mwalimu anayeifundisha tamthilia hii asiishie kuuliza shujaa ni nani. Awaulize wanafunzi: hotuba ilipokwisha, nani alikufa, na nani aliketi kugawana?